Jinsi ya kuwa mhudumu wa dini zote: harusi, misiba na kukaa na mgonjwa

Watu wengi wakisikia hii kazi wanadhani ni kuchukua aya moja ya Biblia, aya moja ya Kurani, ubeti wa mshairi Rumi na mishumaa miwili, unachanganya, unasoma kwa sauti ya chini, watu wanafuta machozi, kazi imeisha. Wapi. Sehemu kubwa ya kazi ni kusikiliza, na sehemu inayobaki ni kujua kipi sio chako. Anayekuja na mchanganyiko wake tayari mkononi huyo ni MC tu aliyevaa joho.

Wanaokutafuta ni wa aina nyingi. Maharusi wa dini mbili, watu walioacha dini ya wazazi lakini hawataki kuoana kikavu kule ofisi ya serikali, familia ambayo marehemu wao hakuwa na kanisa wala msikiti wala hekalu, wazazi waliompoteza mtoto kabla hajazaliwa, mgonjwa aliyemkasirikia Mungu na anaona aibu kumwambia padri wake. Wengine wanataka kumpa mtoto jina mbele ya ndugu, au kuagana vizuri baada ya talaka. Wote hao wanataka kitu kimoja, maneno yanayowahusu wao na sio ya kukopi.

Mafunzo na cheti

Kuna njia ya fasta na njia ndefu. Ya fasta ni kupewa uhudumu mtandaoni, Universal Life Church iliyosajiliwa Modesto, California mwaka 1962 ndo inajulikana zaidi kwa hilo, zamani ilikuwa kwa posta na siku hizi unajaza fomu tu. Katika majimbo mengi ya Marekani inatosha kufungisha ndoa ya rafiki yako, sina shida nayo, ila inakupa karatasi haikupi cha kusema pale mama wa bibi harusi anapokuvuta pembeni na kukuuliza kwa uchungu mwanangu ataingia mbinguni kweli.

Njia ndefu ni seminari za dini zote. The New Seminary ya New York ilianzishwa mwaka 1979 na Rabi Joseph Gelberman pamoja na wenzake wa dini nyingine, na Uingereza kuna OneSpirit Interfaith Foundation. Kule unasoma dini moja baada ya nyingine, unaandika ibada zako na kuzifanyia mazoezi mbele ya wenzako, na wewe mwenyewe unachimbwa, ulitoka dini gani, nani alikuumiza, dini ipi unaidharau kimoyomoyo. Hilo la mwisho usiliruke manake lazima litatokea usoni siku usiyotaka.

Kama lengo lako ni hospitali au nyumba za wagonjwa mahututi basi tafuta mafunzo yanayoitwa CPE (Clinical Pastoral Education), yaani kujifunza huduma ya kiroho kwa vitendo hospitalini. Yalianza mwaka 1925 pale Anton Boisen, mchungaji ambaye mwenyewe alishawahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alipowapeleka wanafunzi wa theolojia wakajifunze kwa wagonjwa wa hospitali ya Worcester, Massachusetts. Kwa kiwango cha Marekani uniti moja ni saa zisizopungua 400 na sehemu kubwa uko wodini, afu unarudi unaandika mazungumzo yako na mgonjwa neno kwa neno, unayasoma mbele ya kikundi, wanakuchambua. Hapa mgonjwa alisema usiku unamtisha, na wewe ukamuuliza ana watoto wangapi. Kwanini ulikimbia? Hakuna somo la darasani linalokaribia hapo.

Na bila kujali njia utakayochagua, nenda ukae kwenye ibada za watu. Omba ruhusa kwanza, vaa inavyotakiwa, vua viatu panapovuliwa, kaa nyuma, usirekodi. Kusoma kuhusu sala ya Ijumaa na kukaa ukumbini ikisaliwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sheria usiichezee

Kabla hujasema ndiyo kwa harusi yoyote jua hii, ibada na ndoa ya kisheria ni vitu viwili na kila nchi ina utaratibu wake. Ufaransa ndoa inayotambulika ni ile ya ofisi ya meya, na kiongozi wa dini anayetangulia kufungisha ya kwake kabla ya hiyo anaweza kujikuta mahakamani. England na Wales mhudumu kama wewe hana nguvu ya kisheria, maharusi wanaenda kwa msajili halafu wanakuja kwako kwa sherehe yenyewe. Marekani ni jimbo kwa jimbo, na mwaka 2019 Tennessee ilipitisha sheria ya kuwazuia waliopewa uhudumu mtandaoni wasifungishe ndoa, kesi zikafuata. Kwahiyo piga simu ofisi ya usajili wa ndoa ya pale harusi itakapofanyika, sio pale unapoishi wewe, uliza nani anaruhusiwa kusaini, leseni inadumu muda gani na inarudishwa lini. Jibu waandike kwa barua pepe. Na kama huna mamlaka waambie maharusi siku ya kwanza kabisa, hakuna kitu kibaya kama watu kugundua baada ya miaka kwamba kisheria hawajaoana.

Kikao cha kwanza

Hapa ndo kazi ilipo, mengine yote ni matokeo ya hapa. Tenga saa moja na nusu, simu zima, na ongea na maharusi wote wawili kwanza, afu kila mmoja peke yake hata kwa nusu saa kwenye simu. Peke yao wanasema vitu ambavyo mbele ya mwenzao hawatasema, mfano kwamba yeye hataki kabisa jina la Mungu litajwe lakini anaogopa kumuumiza mkwe.

Maswali ya "mlikutana wapi" uliza ila usitegemee kitu, hiyo hadithi wameshaisimulia mpaka imekuwa laini kama jiwe la mtoni. Uliza yanayowasimamisha kidogo. Mara ya mwisho mligombana kuhusu nini na nani alianza kuongea? Nani kwenye familia hatafurahi siku hiyo? Ukiwa na hofu unamgeukia nani au nini? Kuna neno gani lisitamkwe kabisa? Kuna mtu aliyefariki ambaye angetakiwa awepo, na je mnataka atajwe kwa jina au mnataka tupite kimya? Hilo swali la mwisho limeokoa harusi nyingi, kuna watu wakitajiwa baba yao marehemu mbele ya watu wanashindwa kabisa kusema viapo.

Afu inakuja ile sehemu ambayo wahudumu wengi wanaipaka rangi, mipaka ya dini zenyewe. Tuseme binti ni Mkatoliki na kijana ni Mwislamu. Kwa kanuni za Kanisa Katoliki binti anahitaji ruhusa maalumu ya askofu ili aoane na mtu asiyebatizwa (kanuni 1086), na kanuni ya 1127 inakataza kufanya ibada nyingine ya dini kabla au baada ambapo viapo vinarudiwa, inakataza pia padri na kiongozi wa dini nyingine kusimama pamoja kila mmoja akiuliza ridhaa kwa taratibu zake. Upande wa kijana, wanazuoni wengi wanakubali Mwislamu mwanamume kuoa Mkristo au Myahudi, ila mwanamke wa Kiislamu kuolewa na asiye Mwislamu hawakubali, na nikahi ina mambo yake, walii, mashahidi, mahari, ridhaa. Sasa ukiwaambia "msijali tutaweka vyote" umewadanganya. Waambie ukweli kwamba sherehe yako haitakuwa ndoa ya Kikatoliki wala nikahi, waende kwa padri wakaulize, waende kwa imamu wakaulize, warudi wakiwa wanajua wanachagua nini. Wewe sio mufti na wala sio askofu. Wengine wakishaulizia wanaamua kwenda kanisani moja kwa moja na hawakuhitaji tena, na hiyo ni freshi, umefanya kazi yako.

Kuandika ibada

Andika kila neno hata kama unaongea vizuri kama redio. Skripti nzima, na watumie maharusi waipitie isipokuwa zile sehemu za kushtukiza. Mimi hupiga hesabu ya maneno kama mia kwa dakika kwa kusoma kwa utulivu, kwahiyo ibada ya dakika 25 yenye nyimbo mbili ndani haizidi kurasa chache, ukizidisha watu wanaanza kuangalia simu.

Kwenye kuazima vitu vya dini za watu kanuni yangu ni rahisi, mwenye nacho akifanye mwenyewe. Fatiha aisome shangazi yake bwana harusi ambaye ameisoma maisha yake yote, sio wewe uliyejifunza matamshi wiki iliyopita. 1 Wakorintho 13 asome mjomba. Ekaristi usiguse. Hatua saba za kuzunguka moto za Wahindu zina kuhani wake (pandit) na mantra zake, usizigeuze mchezo wa jukwaani. Ndoa ya Masingasinga, Anand Karaj, inafanyika mbele ya kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, na wanandoa wanakizunguka mara nne, huwezi kuikata kipande ukakileta bustanini. Wabaha'i wana kiapo chao kifupi na wanahitaji ridhaa ya wazazi walio hai. Kama familia inataka kitu cha dini yao, mwalike mwenye dini afanye dakika zake tano na wewe ukae chini, hupungukiwi na kitu. Na wako watu ambao dini yao hairuhusu kabisa kushiriki sala ya pamoja na wengine, Mashahidi wa Yehova kwa mfano, hao usiwabane kusimama wala kuitikia.

Kinachobaki kwa wote ni kimya. Waquaker, kundi la Wakristo, wanafanya harusi zao ndani ya kimya toka zamani na hakuna anayelalamika. Sema tu, "Sasa tunyamaze kwa dakika moja, kila mtu amwombe anayemwomba au awatakie hawa wawili mema kwa namna yake", afu nyamaza dakika nzima, hesabu mpaka sitini kichwani manake mhudumu mwenye woga anakatisha kwenye kumi na tano.

Viapo wakiandika wenyewe, wakutumie kila mmoja kivyake. Huwa kuna mmoja ana mistari mitatu na mwenzake ana kurasa mbili zenye shairi. Usimwonyeshe mmoja cha mwenzake, we mwambie tu huyu punguza na yule ongeza ili mmoja asije akaumbuka mbele za watu.

Vitu vya kuonekana kwa macho (mishumaa, mchanga wa rangi mbili, kufunga mikono kwa kitambaa) weka kimoja tu, na kijaribu pale pale mahali kabla. Mshumaa nje kwenye upepo ni aibu tupu. Kuna ule mtindo wa kupitisha pete kwa wageni kila mtu azishike aombe kidogo, mzuri sana kwa watu ishirini, ila kwa watu themanini kila mmoja akizishika sekunde kumi tu hizo ni zaidi ya dakika kumi na tatu, afu pete zimepotea mstari wa tano. Zifunge kwenye kitambaa na wape wa mbele tu.

Siku yenyewe sina mengi. Fika saa moja kabla, jaribu maiki, skripti iwe kwenye faili gumu kwa herufi kubwa, majina ya watu ulishawaomba wakutumie kwa voisi ukayarudia mpaka yakakaa. Wakisimama wageni bibi harusi akiingia kumbuka kuwaambia wakae, utashangaa wahudumu wangapi wanasahau wazee wanabaki wima nusu saa. Na wakati wa kubusiana toka pembeni usije ukaonekana kwenye picha ukichungulia katikati yao.

Misiba

Kwanza uliza marehemu alikuwa wa dini gani na alitaka nini. Kama alikuwa Mwislamu au Myahudi mambo yanakwenda haraka, mwili unaoshwa na watu wa dini yake na mazishi hayasubiri wiki, na kazi yako hapo ni kuiunganisha familia na viongozi wa dini yake, labda baadaye uongoze kumbukumbu kwa wale marafiki wa dini nyingine. Unaongoza msiba pale tu ambapo hakuna kiongozi wa dini wa kuuongoza au familia imegawanyika.

Kaa nao, daftari mkononi. Kila familia itaanza na "alikuwa mtu wa watu, alipenda familia yake", sawa, andika, subiri. Uliza asubuhi alikuwa anaanza na nini. Uliza kitu gani nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nakumbuka watoto wawili waliokuwa hawasemeshani, mmoja kaokoka na mwingine haamini kitu, wamekaa kila mmoja upande wake wa sebule wanajibu kwa mkato. Nikauliza mzee akienda kulala alikuwa anafanya nini, dada akasema alikuwa anakagua mlango mara tatu, kaka akadakia hapana, nne, ya nne alikuwa anakagua kama we umelala. Wakacheka, afu wakaanza kuongea wao kwa wao na mimi nikanyamaza nikaandika. Ule mlango ndo ulibeba hotuba nzima, hakukuwa na haja ya kubishana kama mzee yuko peponi au hayuko.

Marehemu akiwa mtu mgumu usimpake asali. Waliopigwa naye wamekaa mbele yako. Sentensi kama "hakuwa mtu rahisi, na wengi wenu hapa mnalijua hilo kila mmoja kwa namna yake" inatosha, haimtukani na haiwadharau walioumia. Muda nao uheshimu, kwenye majengo ya kuchomea maiti Uingereza mara nyingi unapewa nafasi ya nusu saa mpaka dakika 45 ikijumuisha kuingia na kutoka, na familia nyingine iko nje inasubiri na yao.

Kukaa na mgonjwa au mwenye huzuni

Hapa hakuna skripti. Gonga, subiri ujibiwe, jitambulishe, uliza kama ni muda mzuri, na akikwambia hapana sema asante uondoke, mara nyingi hiyo hapana ndo kitu pekee ambacho mgonjwa ameruhusiwa kuamua siku nzima. Ukikaa, kaa kweli, vuta kiti macho yawe sawa na yake, usisimame juu yake kama daktari wa zamu.

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa ni ya mwili, ya hisia, ya mahusiano na ya kiroho kwa pamoja. Kwahiyo mtu akikwambia mgongo unauma mwite nesi, ila baki, huenda mgongo hauko peke yake. Kwa kuanzia mazungumzo kuna mwongozo wa FICA alioutengeneza Dokta Christina Puchalski na wenzake mwaka 1996. Unauliza mambo manne, unaamini nini au kinakupa maana nini, kina uzito gani kwako kwenye huu ugonjwa, una watu unaoshirikiana nao, na ungependa sisi tukusaidieje kwenye hilo. Usiyasome kama fomu ya benki, yaache yatoke kwenye maongezi.

Maneno ya kuacha nyumbani: Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, ni mapenzi yake, kila jambo lina sababu, jikaze. Mgonjwa akisema mwenyewe ni mapenzi ya Mungu hiyo ni yake, itikia. Wewe usimwanzishie. Akiomba umwombee muulize, "Tukiomba tumwite nani, na tumwombe nini?" Jibu litakushangaza, unategemea uponyaji na yeye anataka tu mwanawe apige simu.

Jua pia nani wa kuitwa. Mkatoliki mahututi mwitie padri kwa ajili ya mpako wa wagonjwa. Mwislamu atapenda awepo mwenzake wa kumkumbusha shahada na kumwelekeza kibla. Mhindu anaweza kutaka maji ya mto Ganges na jani la tulsi, mmea mtakatifu kwao, mdomoni. Kuwa na namba zao kabla hujazihitaji, saa nane usiku sio muda wa kutafuta rabi. Kuna dharura moja ya kujua, mtoto mchanga anaondoka, mama Mkatoliki anataka abatizwe na padri hafiki. Kwa mafundisho ya Kanisa lenyewe mtu yeyote anaweza kubatiza katika hali hiyo ilimradi ana nia ya kufanya linachofanya Kanisa, unammiminia maji kichwani huku ukisema unambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Uliza jina, fanya, andika saa, na mjulishe padri. Kama mtoto ameshafariki ubatizo haufanyiki, lakini jina, sala, baraka na muda wa kumshika vyote vinawezekana na usiwaharakishe.

Siri za mtu ni siri, isipokuwa akitaka kujidhuru au kuna mtoto anaumizwa, na hilo mwambie mwanzoni kabla hajafunguka sio baada. Ukiona huzuni imegeuka kutokula, kutolala wiki kwa wiki, kusikia sauti, mpeleke kwa mtaalamu, hii sio kesi ya maombi peke yake. Na usimvute mtu kwenye imani yako, hata kidogo, hata akiwa mpweke na wewe una nia njema.

Pesa na wewe mwenyewe

Toza bila aibu kwa harusi, mkataba mfupi, malipo ya awali, andika ni vikao vingapi na marekebisho mangapi ya skripti. Msiba kuwa mpole kidogo. Kwa watoto waliofariki wahudumu wengi hatutozi kitu. Kitandani kwa mgonjwa usipokee zawadi kubwa wala ahadi ya urithi, na usikubali kuwa shahidi wa wosia wake.

Tafuta mtu wa kukusimamia, mzoefu, muongee walau mara moja kwa mwezi bila kutaja majina ya watu wako, manake ukizika mfululizo bila kutema inatoka nyumbani kwa hasira. Tafuta na mwenzako mmoja wa kukushikia nafasi, mtumie skripti siku tatu kabla ya kila ibada, ukiumwa au sauti ikikauka anasimama yeye na anajua majina ya kutamka.